Daftari lililonitoa kwenye TB ya uti wa mgongo

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro. Mgongo uliponianza, kila mtu alikuwa na jibu tayari: cherehani hiyo, unainama kutwa nzima. Nikakubali. Nikabadilisha kiti, nikanunua godoro gumu la laki mbili na kitu, nikameza diklofenaki mpaka tumbo likaanza kuwaka.

Mjomba ndiye aliyenipeleka kwa mchuaji. Yule mzee alinilaza kifudifudi mkekani, akanipaka mafuta ya nyonyo ya moto, kisha akaanza kunikandamiza kwa viganja, pingili moja baada ya nyingine. Alipofika chini kidogo ya mbavu nilipiga yowe hadi watoto wa jirani wakaja mlangoni. Akasema, "Hapo ndipo ulipoteguka, mwanangu, vumilia." Nikavumilia siku tatu. Siku ya nne kandambili ilinidondoka na sikuweza kuinama kuiokota. Nilichuchumaa mgongo umenyooka kama mlingoti, nikapapasa chini kwa mkono. Leo nikikumbuka napata hasira, kwa sababu alikuwa akikandamiza mfupa uliokuwa unaliwa. Mgongo ambao hujajua una nini usimpe mtu aukande, hata awe babu yako.

Zahanati moja ikanipiga eksirei na kuniambia pingili zimechoka kwa umri. Nina miaka 41! Baadaye nilielezwa kwamba eksirei huchelewa: mfupa hupoteza kwanza sehemu kubwa ya madini yake ndipo tundu lionekane.

Hapo nikanunua daftari la shilingi mia tano. Kila usiku niliandika saa ambayo maumivu yaliniamsha: saa nane, saa tisa na robo, saa nane tena. Kila Jumapili asubuhi, kabla ya chai, nilipanda mizani ya gunia kwenye duka la nafaka la jirani, suruali ile ile, bila viatu. Wiki tisa: kilo 70 zikawa 62. Mke wangu akachukua kalamu akaongeza la kwake: "Shuka imelowa jasho, nimebadilisha mara mbili."

Daktari wa hospitali ya rufaa, dada mdogo tu, alilisoma daftari lote bila kuharakisha. Akaniuliza, "Ukilala, maumivu yanapungua?" Nikamjibu, "Hapana, daktari, usiku ndiyo yanazidi." Akanigonga mgongo taratibu kwa ngumi, na pale pale pa mchuaji nikaruka. Mgongo wa kazi, alisema, aghalabu hupata nafuu ukipumzika. Huu haukupumzika.

Damu yangu ilipopimwa ESR, kipimo kinachopanda mwilini kukiwa na uvimbe au maambukizi, ilikuja 96, wakati kwa mwanaume wa umri wangu inatakiwa iwe chini ya 20 hivi. Wakapima VVU, wakapima na brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu kwa maziwa mabichi, kwa kuwa nanywa maziwa ya mfugaji. Vyote safi. Makohozi nayo safi, kifua kizuri, na ndugu wakashangilia kuwa si TB. Walikosea, na mimi pamoja nao. TB ya mfupa husafiri kwa damu; mtu anaweza kuwa nayo bila kukohoa hata mara moja.

MRI, picha ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili, ilinipeleka Dar es Salaam. Niliuza cherehani ya kudarizi, nikakopa na kikundi. Jumla na nauli ilikaribia laki tano. Picha ilionyesha pingili mbili zinazopakana zimeliwa pale zinapotazamana, diski, ule mto laini wa katikati yake, imesinyaa, na usaha umejikusanya pembeni. Daktari akanichorea nyuma ya daftari langu. Mfupa una ganda gumu nje, ndani ni kama sponji iliyojaa uboho na mishipa ya damu, na mwili wa pingili karibu wote ni hiyo sponji. Kijidudu huingia na damu, hukaa upande wa mbele, hula. Mbele pakiporomoka, pingili za juu huinamia mbele, na hapo ndipo kibyongo kinapozaliwa. Saratani, aliongeza, mara nyingi huiacha diski bila kuigusa.

Bado alitaka uhakika. Wakapitisha sindano wakiongozwa na picha za CT, wakanyonya usaha, ukaenda kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta kijidudu cha TB. Jibu: TB, na rifampisini, dawa kuu ya TB, inaiweza. Nililia palepale kwenye benchi. Ilikuwa na jina, na ilikuwa na dawa.

Dawa zenyewe hazikunigharimu hata senti. Aina nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi kumi, na mkanda wa mgongo. Mkojo utakuwa wa rangi ya chungwa, msishtuke. Mwezi wa tatu maumivu yaliisha na baadhi ya watu wakanishauri niache dawa nipumzishe ini. Nilikataa, nikameza hadi kidonge cha mwisho.

Jumapili iliyopita mizani ya nafaka ilisoma 71. Nimeiandika.