"Hiki nimekipata leo, na kile kitakuwa changu"

Jai Shri Krishna, ndugu zangu wa satsang, mkusanyiko wetu wa ibada.

Wiki hii mlango wa 16 wa Gita, kitabu cha mafundisho ya Krishna kwa shujaa Arjuna, umenikaba. Alfajiri nikikaa na mala yangu ya shanga, kabla japa, kule kurudia jina la Mungu, haijatulia akili imeshakimbilia kazini: mkataba ule ukipita nitaongeza hiki, nikishaongeza hiki kile nacho hakitanishinda. Halafu nafungua shloka (ubeti) ya 13 na kukuta mawazo yangu yamelala pale: "Hiki nimekipata leo, haja ile nitaitimiza, mali hii ni yangu, na ile nayo itakuwa yangu." Maneno hayo Krishna ameyaweka kinywani mwa mtu mwenye tabia ya kiasura, yaani ya kishetani.

Tumezoea kumwona mhalifu kuwa mtu wa tamas tu, yaani giza na uvivu: mlevi, mvivu, mpora simu kituoni. Wapo. Lakini Arjuna alipouliza, katika mlango wa 3, ni nini kinachomsukuma mtu atende dhambi hata asipotaka, kana kwamba anaburutwa, Krishna hakutaja tamas. Alijibu: ni tamaa, ni hasira, zilizozaliwa na rajas. Na rajas ndiyo nguvu ya mchapakazi, mwenye mipango, anayelala saa chache na kupendwa na wateja. Ndizo tabia tunazowaombea watoto wetu! Mwizi wa kalamu anatokea humohumo, siku ambayo juhudi inakosa mpaka.

Kumbukeni kisa cha Ramalinga Raju wa Hyderabad. Kampuni yake ya kompyuta, Satyam, iliyoanzishwa 1987, ilikuwa fahari ya India. Tarehe 7 Januari 2009 aliiandikia bodi barua akikiri kwamba hesabu zilikuwa zimepikwa kwa miaka, na kwamba rupia zaidi ya bilioni 50 zilizoandikwa kuwa ziko benki na mkononi hazikuwepo. Alieleza kuwa jambo lilianza kwa pengo dogo kati ya faida ya kweli na ile ya vitabuni, likakua, hadi akawa kama aliyempanda chui milia asijue atashukaje bila kuliwa. Mwaka 2015 mahakama maalumu ilimhukumu kifungo cha miaka 7, naye akakata rufaa.

Na ndiye huyohuyo aliyeanzisha, mwaka 2005, huduma ya magari ya wagonjwa ya 108, ambayo imewafaa watu wengi sana India. Hapo nilisimama. Maana shloka ya 15 inaendelea kumnukuu yule mtu wa kiasura: "Nitafanya yajna (ibada ya kafara), nitatoa sadaka, nitafurahi." Sadaka nayo imo! Moyo wa Raju anaujua Bhagavan, Mungu, mimi siujui. Ninachosema ni kwamba kutoa peke yake si ushahidi wa sattva, usafi wa moyo. Shloka ya 12 inasema watu hawa wamefungwa kwa mamia ya kamba za matumaini, huku wakikusanya mali kwa njia za dhuluma. Matumaini, ndugu zangu! Pengo la mwezi huu nitaliziba mwezi ujao. Hela hii nimeazima tu, mshahara ukitoka narudisha. Ni wachache mno wanaoamka wakisema leo naiba. Wengi huamka wakitumaini.

Sasa niseme linaloniuma. Miongoni mwetu ipo familia ambayo kijana wao yuko mahabusu kwa tuhuma za fedha za mwajiri wake. Tangu habari zienee, mama yake akija kwenye arti, ibada ya taa, kuna wanaosogea mbali naye. Hapana, jamani. Sisi tunaosogea ndio tunaompa kiti cha mbele kila anayechangia paa la mandir, hekalu letu, bila kuuliza fedha imetoka wapi. Kijana huyu alipopandishwa cheo tulimpigia makofi, na sikumbuki nani alimuuliza kama bado anapata muda wa kukaa na Bhagavan. Kesi yake haijasikilizwa bado. Na hata ikithibitika, mlango wa 9, shloka ya 30, unasema hata mtenda maovu makubwa akimwabudu Yeye kwa moyo usiogawanyika ahesabiwe kuwa mwema, kwa kuwa ameazimia vyema. Tunaisoma kila mwaka. Tunaiamini?

Valmiki wetu, mtunzi wa utenzi wa Ramayana, mapokeo yanasema, alikuwa mnyang'anyi wa njiani hadi Narada, mtakatifu wa kale, alipomtaka akawaulize watu wa nyumbani mwake kama watabeba naye dhambi anayoitenda kwa ajili ya matumbo yao. Akawauliza, wakakataa. Ninyi wazazi, ninyi wake na waume, msingoje kuulizwa. Mtoto akija na gari jipya, muulize kwa upendo, tena mapema: limepatikanaje? Mwambie wali na dengu vinatutosha. Mwambie usingizi wake ni wa thamani kwenu kuliko nyumba ya ghorofa. Wapo vijana ambao neno hilo moja lingewakata kamba nyingi.

Jumamosi nakwenda mahabusu kumpelekea kijana wetu Gita. Atakayependa kufuatana nami aniambie kabla ya Ijumaa jioni. Tutaondoka saa mbili asubuhi, na tutampitia mama yake nyumbani.