Siku nne katika Bonde la Teleki

Kwa miaka 28 nilifundisha jiografia katika shule za sekondari za Mombasa, na kila mwaka nilichora ubaoni bonde pana lenye kuta zilizosimama, ziwa dogo kichwani mwake na tuta la mawe miguuni, nikawaambia wanafunzi kwamba hizo ni alama za barafu, ilhali mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kuona barafu kubwa kuliko ile inayofunikia samaki sokoni. Baada ya kustaafu niliona ni aibu kuzeeka na mchoro ambao sijapata kuuhakiki. Mwezi wa Januari nikapanda treni hadi Nairobi, na kesho yake matatu ikaniteremsha Naro Moru, ambako Mlima Kenya ulikuwa umejifunika mawingu kama mwari aliyetawishwa.

Nilikuwa na mtu wa kumfuata. Mwaka 1893 J. W. Gregory, mwanajiolojia wa makumbusho moja ya London, aliondoka Pwani na msafara wa wapagazi, akavuka bonde kubwa ambalo sote sasa tunaliita Bonde la Ufa, kisha akaukwea mlima huu kwa upande wa magharibi. Mto wa barafu alioukuta juu aliupa jina la mwanajiolojia wa Marekani, Henry Carvill Lewis. Wapagazi waliobeba mizigo yake, watu wa joto kama mimi, hawakubahatika kuachiwa hata kijilima kimoja kwenye ramani, na jambo hilo limenikereketa tangu nilipolisoma mara ya kwanza.

Lakini kazi yake naiheshimu. Mbali sana chini ya theluji ya wakati wake, Gregory aliona matuta ya mawe yaliyochanganyika ovyo na udongo, makubwa kwa madogo, akatambua kwamba hayakuletwa na maji. Mto wa maji huchambua mzigo wake: huacha mawe hapa, changarawe pale, mchanga kule mbele. Barafu haichambui kitu. Hung'oa, hukokota, na pale inapoyeyuka hubwaga vyote pamoja. Tuta la namna hiyo wataalamu huliita moreni, na anayejua kulisoma hujua barafu iliishia wapi hata kama imekwisha kutoweka maelfu ya miaka.

Usiku wa kwanza tulilala kambi ya Met Station, mita 3,050 juu ya usawa wa bahari. Mwongozaji wangu, mwenyeji wa Naro Moru, mtu wa makamo, alikuwa amekwisha kuniita mwalimu kabla hatujafika langoni, na jina hilo likanikaa safari nzima. Nilimweleza kwamba katika Bonde la Teleki, lililo juu yetu, barafu ya zamani ilishuka hadi karibu mita 3,000 na kitu. Akatazama miti iliyotuzunguka, akacheka kwa adabu, akasema, "Basi leo tungelala mlangoni kwake, mwalimu."

Asubuhi tulianza mapema mno, kukiwa bado giza, na kwa hiyo matuta ya chini niliyoyajia yakanipita pembeni bila kuyaona. Nilijilaumu kimoyomoyo. Baadaye kilikuja kile kinamasi kilichosimama kama ngazi, ambacho sina zaidi ya kukisema ila kwamba nilizama hadi magotini mara tatu na kwamba pumzi za mzee wa Pwani si za kutegemewa. Tulipoufikia ukingo, Bonde la Teleki likafunguka mbele yetu, na mchoro wangu ukawa umelala pale: sakafu pana, kuta zilizochongwa pande zote mbili, kijito cha Naro Moru kikipita katikati kama mtoto ndani ya kanzu ya babu yake. Kijito kile hakikuweza kuchimba bonde la ukubwa ule. Kati ya senesio warefu wenye vichwa vya majani na mashina yaliyovaa majani makavu, yalikuwapo mawe yenye ukubwa wa gari la matatu, yamekaa juu ya matuta bila jirani wa kufanana naye.

Kambi ya Mackinder iko mita 4,200. Kichwa kilikuwa kinaniuma, chakula hakipiti, pimbi wanapita miguuni bila hofu, na mimi nikakaa juu ya jiwe mojawapo nikifikiria umri wake. Umri huo hupatikana kwa njia ambayo ningependa kuwa niliifahamu nilipokuwa bado ninafundisha. Miale kutoka anga za mbali hupiga mwamba ulio wazi na kutengeneza ndani yake, kidogo kidogo, aina adimu ya klorini iitwayo klorini-36. Jiwe lililokuwa limefukiwa huanza hesabu upya pale barafu inapolibwaga juu ya tuta, kwa hiyo ukipima kiasi kilichokusanyika unajua limekaa juani muda gani. Timothy Shanahan na Marek Zreda walichapisha mwaka 2000 vipimo vya namna hiyo kutoka mlima huu na Kilimanjaro, na baadhi ya matuta ya Mlima Kenya yalionekana kuwa na zaidi ya miaka 200,000, mengine kama 10,000 tu. Barafu haikuja mara moja ikaondoka. Ilishuka na kupanda mara nyingi.

Hapa ndipo swali lenyewe lilipo: barafu iliposhuka hadi chini kule, baridi ilikuwa kali kiasi gani? Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai karibu na kwetu, aliona weupe juu ya Kilimanjaro, na mwongozaji wake akauita kwa neno moja tu: baridi. Nilikuwa nikiwasimulia wanafunzi kisa hicho kwa kuwachekesha, nami nikiamini kwamba barafu kubwa maana yake ni baridi kubwa, basi. Hesabu inaonekana rahisi, kwa sababu mlimani hewa hupoa karibu nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000, hivyo ukijua mstari wa theluji, yaani kimo ambacho juu yake theluji haiishi, ulishuka kiasi gani, unajua na joto lilipungua kiasi gani. Ila barafu hulishwa na theluji, na theluji ni mvua. Mlima wenye baridi kali na anga kavu unaweza kubaki mtupu. Nasi tunajua kwamba wakati wa mwisho wa enzi ya barafu Afrika Mashariki ilikuwa kavu kiasi kwamba Ziwa Victoria lenyewe lilikauka, zaidi ya miaka 15,000 iliyopita. Ikiwa barafu ilifika chini kiasi kile licha ya ukame, baridi yake haikuwa ya mchezo.

Ushahidi wa pili uko upande wa kaskazini-mashariki ya mlima, katika Sacred Lake, ziwa dogo lililo msituni. Katika miaka ya 1960 Joey Coetzee alisoma chavua iliyotuama katika matope yake na kuona kwamba mpaka wa juu wa msitu uliwahi kushuka sana. Wengi walichukulia kwamba hiyo nayo ni kazi ya baridi pekee. Mwaka 1997 Alayne Street-Perrott na wenzake, wakitumia mabaki ya majani yaliyomo katika matope yayo hayo, walionyesha kwamba upungufu wa kabonidioksidi hewani nao uliinyima miti nguvu. Wakati wa enzi ya barafu kabonidioksidi ilikuwa chini ya sehemu 200 kwa kila milioni, na sasa imepita 420. Ndiyo maana nayapenda matuta: barafu, tofauti na mti, haivuti kabonidioksidi, na shahidi asiye na maslahi ni wa kuthaminiwa.

Siku ya tatu tuliondoka saa tisa usiku. Njia hupanda kando ya tuta jipya la Lewis, na hata kwa mwanga wa tochi tofauti ilionekana: matuta ya bondeni yamevaa majani, hili ni kifusi kitupu kinachoporomoka chini ya kiatu. Kulipopambazuka tulikuwa karibu na kibanda cha Austrian, mita 4,790. Nilitarajia mto wa barafu. Nilichokiona ni mabaka ya kijivu yaliyoachana, yamelala juu ya mwamba uliosuguliwa ukawa na michirizi sambamba.

Lewis ni miongoni mwa barafu zilizochunguzwa sana katika tropiki nzima. Stefan Hastenrath aliifuatilia kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1970, na wapimaji waliomfuata walikuta kwamba kati ya 1934 na 2010 ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake. Nayo haikuanza kufa kwa joto peke yake. Mwishoni mwa karne ya 19 mvua zilipungua, maziwa ya kanda hii yakashuka, barafu ikakosa chakula. Joto likaja kumalizia. Mwongozaji aliniambia kwamba alipoanza kazi, waliokwenda kupanda kilele cha Nelion walivuka hapa juu ya barafu, wamevaa viatu vya meno. Akanionyesha kwa fimbo pale ilipofika. Fimbo ilielekea juu, hewani, juu ya vichwa vyetu.

Kileleni Lenana, mita 4,985, sikukaa dakika kumi.

Tuliporudi siku ya nne nilimsihi tupite polepole chini ya kinamasi, na safari hii kulikuwa na nuru. Tuta lilikuwapo, refu, limejikunja, limefunikwa na majani na vichaka hata ukadhani ni mgongo wa kilima. Mwongozaji alichokonoa ukingo uliokuwa umekatwa na maji, vikadondoka vipande vya mawe, kikubwa, kidogo, na tope, vyote pamoja. Akavigeuza kiganjani. "Zaidi ya miaka ishirini ninapita hapa, mwalimu," akasema, "na wageni wote huniuliza barafu iko wapi, nami huwaonyesha juu." Nikatoa daftari nikachora tena lile bonde langu, nikaandika mita kando yake, na kabla sijamaliza mvua ikaanza kuchora juu ya karatasi, tukavaa makoti.