Daftari la madeni: nilivyorudisha milioni tisa za duka langu la chakula cha kuku

Dereva wa Fuso aligoma kushusha mzigo. Alisimama mlangoni pa duka langu, Moshi mjini, simu sikioni, akisubiri bosi wake wa kiwandani aseme neno, nami nikasubiri pamoja naye. Mifuko 60 ya chakula cha kuku wa mayai ilikuwa juu ya gari, turubai limeshafunuliwa. Nilikuwa nadaiwa mizigo miwili ya nyuma. Bosi akasema rudi. Gari likageuza mbele ya wateja wangu wawili, likaondoka na mifuko yote.

Hiyo ilikuwa Oktoba 2022, mwaka ambao mahindi yalipanda bei na pumba ikapanda nayo. Usiku ule nilichukua daftari la madeni, nikakaa chini na kikokotoo. Watu 47. Jumla shilingi 11,340,000. Mtaji wangu wote, ukiweka na mizani na rafu, haukufika milioni 19. Zaidi ya nusu ya duka langu ilikuwa mabandani kwa watu, imeshaliwa.

Mtu wa vyakula vya mifugo akikuambia hatoi mali kauli, yaani mzigo kwa ahadi ya kulipwa baadaye, ujue ana mtaji mkubwa sana au wateja wachache sana. Kuku wa mayai anakula karibu miezi mitano kabla hajaanza kutaga vizuri. Mfugaji ananunua vifaranga, anawapasha joto, anachanja, na wakifika wiki ya 14 hivi hela imekwisha, na kuku ndiyo kwanza wanazidi kula. Hapo ndipo anakuja: "Mama, nisaidie mifuko mitatu, wakianza kutaga nakulipa." Nilikuwa nasaidia, na sijutii kusaidia. Ninachojutia ni jinsi nilivyoandika.

Kurasa zenyewe zilikuwa hivi: "Mama wa Pasua, mifuko 2, atalipa kesho." Kesho ipi? "Yule mwenye Noah nyeupe, 45,000." "Baba wa kwaya, pumba 3, mashudu 1." Hakuna tarehe, hakuna simu, na mahali pengine mwandiko ni wa binti niliyekuwa nimemwajiri ambaye alishaolewa Same. Yale yasiyokuwa na mtu wa kumwendea niliyajumlisha nikapata 365,000, nikayapiga mstari usiku uleule. Iliniuma, lakini nilitaka kubaki na madeni yenye watu.

Asubuhi yake nilifanya kosa ambalo nawaona wenzangu wengi wakilifanya. Nilipiga simu watu karibu 40 siku moja, nikiwa bado na hasira ya lile gari. Kufika wa kumi sauti yangu ilikuwa imeshabadilika, nawasemesha watu wazima kana kwamba wameniibia. Wengine walijibu vizuri: wiki ijayo mama, mwisho wa mwezi dada. Wengine walikata. Kufika Ijumaa namba 11 hazipatikani, na kuna wateja niliowaona kwa macho yangu wakivuka barabara ili wasipite mbele ya duka. Zoezi zima liliniingizia 70,000.

Nikamchukua kijana mmoja mwenye bodaboda anikusanyie, kila atakacholeta asilimia 10 yake. Wiki mbili za mwanzo alileta. Ya tatu akasema watu wagumu. Nilipomkuta mteja mmoja sokoni Mbuyuni nikamkumbusha, akashangaa: "Mbona nimeshampa kijana wako?" Wakawa watatu, jumla 210,000. Hawakuwa na risiti, lakini wasingekuwa na sababu ya kunidanganya wote watatu kwa siku tofauti. Niliwafutia, kwa sababu nilimtuma mimi. Tangu siku hiyo hela ya deni haipiti mkononi mwa mtu, inaingia lipa namba ya duka na ujumbe unabaki kwenye simu zote mbili.

Basi nikaamua kwenda mwenyewe.

Nilianza na mama mmoja wa Uru, wa rika la mama yangu, aliyekuwa na deni la 800,000. Nilipanda Hiace ya alfajiri, nikateremka, nikafuata njia ya kando ya mfereji katikati ya migomba. Nilimkuta bandani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Najua kilichokuleta."

Hakujificha wala hakuanza hadithi. Alinipa ndoo, tukaokota mayai pamoja. Alikuwa na kuku 300 na siku ile tulipata trei nane, ukiacha mawili yaliyopasuka ambayo aliyaweka pembeni kwa ajili ya chai yetu. Tulipomaliza tukakaa, akatandika mfuko mtupu wa chakula, ule wa dukani kwangu, tukapiga hesabu mgongoni mwake kwa kalamu.

Kuku mmoja wa mayai anakula kama gramu 115 kwa siku. Kuku 300 ni kilo 34 na nusu, yaani kwa wiki kilo 241, mifuko mitano ya kilo 50. Kwa bei yangu ya wakati ule ya 60,000 hiyo ni 300,000. Trei nane kwa siku ni trei 56 kwa wiki, na mnunuzi alikuwa anachukua kwa 7,500, jumla 420,000. Kinachobaki ni 120,000, na humo kuna chanjo, dawa, randa za kutandika bandani na chumvi ya nyumbani. Nilikuwa nampigia mtu huyu simu kumtaka 800,000 kwa mkupuo! Hata angekuwa malaika asingeweza. Kila ahadi aliyonipa ilikuwa lazima iwe ya uongo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namwomba kisichokuwepo.

La pili nililojifunza pale ni siku. Mnunuzi wa mayai alikuwa anakuja Alhamisi alasiri na pikapu, analipa taslimu. Mimi nilikuwa nampigia Jumatatu. Jumatatu hela hakuna, na Ijumaa imeshagawanyika: mchango wa harusi, rambirambi, daftari za mjukuu.

Tukakubaliana 40,000 kila Alhamisi jioni, wiki 20. Chakula kipya atanunua kwa taslimu, hata kama ni mfuko mmoja mmoja. Nikaandika karatasi mbili zinazofanana: jina lake kamili, kiasi anachodaiwa, tarehe, kiasi cha kila wiki, sahihi yake, sahihi yangu, na mwanawe akatia sahihi kama shahidi. Kila Jumatano jioni nilimtumia ujumbe: "Shikamoo mama. Kesho ni Alhamisi yetu. Salio ni 520,000. Asante kwa wiki iliyopita." Alikosa Alhamisi mbili tu, moja kwa msiba, na zote mbili alinipigia yeye kabla sijapiga mimi.

Nikarudi dukani nikanunua daftari jipya, kila mteja ukurasa wake, na kila ukurasa una mstari ambao daftari la kwanza halikuwa nao: hela yake inaingia lini. Anayepeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, nikaandika siku anayolipwa. Mwalimu anayefuga pembeni, siku ya mshahara. Wa kuku wa nyama huyo hela yake haiji kidogo kidogo, inakuja kwa mkupuo wakiuzwa wiki ya tano au ya sita, na ukichelewa siku mbili umekuta vifaranga wapya bandani na mfuko hauna kitu. Wa Chekereni, mpunga ukivunwa. Nilikwenda kwa watu 29 kwa miguu yangu kati ya Novemba na Februari. Kwa wengi sikuhitaji kusema neno kali hata moja. Niliuliza, "Hela inaingia lini, na katika hiyo, kipi kinaweza kuja kwangu bila kuku kulala njaa?" Watu walifikiri kweli kabla ya kujibu.

Nisiseme wote. Kuna mmoja aliyenidai kahawa ya kuongea, yaani nimnunulie bia ndipo anilipe. Huyo nilimwendea mara nne.

Desemba ina habari yake. Kaka mmoja alikuwa amejaribu kuku 500, mradi ukamshinda, akahamia Dar es Salaam na deni langu la 1,180,000, simu haipokelewi. Sisi wa huku tunajua kwamba Mchaga Desemba anapanda nyumbani, apende asipende. Nikasubiri. Tarehe 27 nikafika kwao, nikasalimia wazee, nikakaa, nikapewa mbege kidogo na ndizi. Baba yake mzee alikuwepo, watoto wamejaa uani, shemeji zake kutoka Rombo wapo. Niliona anavyonitazama, uso umemshuka, anangoja niseme mbele ya watu.

Sikusema. Nilipoaga nikamwambia, "Kaka, nisindikize kidogo." Tulipofika chini kwenye migomba akasema mwenyewe, "Dada, nisamehe. Nilikuwa naona aibu hata kupokea." Nikamwambia aibu imeisha, tuandike. Akaandika palepale, karatasi juu ya goti. Usiku uleule akatuma 600,000, na 580,000 iliyobaki ilimalizika kabla ya Pasaka. Nimeambiwa na watu kwamba ningemsema mbele ya baba yake ningelipwa yote siku ileile. Labda. Lakini yule mzee nimemjua tangu nikiwa mtoto, na mwanawe sasa anafuga tena na ananunua kwangu.

Kwa mama mwingine, wa Kirua, kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, kilipita bandani ndani ya wiki moja. Deni 920,000. Nilipofika nilikuta shimo jipya nyuma ya nyumba na banda limemwagwa chokaa, kuku wamebaki tisa. Nikasimama pale na karatasi yangu mkononi, nikairudisha kwenye mkoba. Tulikubaliana 280,000, ambayo aliilipa kwa mikungu ya ndizi niliyoihesabu kwa bei ya Mbuyuni na hela kidogo kidogo, mwaka mzima. Iliyobaki, 640,000, niliifuta. Mume wangu hakupenda. Mimi niliona kudai kuku waliozikwa ni kujitafutia dhambi, na hadi leo naona hivyo.

Aliyenifikisha mahakamani ni mfugaji wa kuku wa nyama, kijana mwenye uwezo, 2,350,000. Alikuwa anauza kila mzunguko, nami nikapigwa danadana, kumbe ameshahamia duka jingine analipa taslimu. Nilikwenda polisi kwanza. Waliniambia kwa upole kwamba hilo ni la madai, si jinai, nisipoteze muda. Nikamwandikia barua ya madai, siku 14, nakala kwa mtendaji. Siku zikapita. Mtendaji akamwita, hakufika.

Nikafungua shauri Mahakama ya Mwanzo. Nilikuwa naogopa nikidhani lazima niwe na wakili, lakini kwa deni la kiasi kile nilijieleza mwenyewe, kwa Kiswahili changu, na karani alinielekeza namna ya kuandika madai. Kilichonisaidia ni karatasi za kupokelea mzigo zenye sahihi yake, na ujumbe wake mwenyewe: "Dada nivumilie, hiyo 2,350,000 naijua." Niliuchapisha steshenari. Siku alipofika akakiri deni, tukakubaliana mafungu matano ya 470,000. Akalipa mawili, la tatu akanyamaza. Nikaomba kukazia hukumu. Alipopata taarifa kwamba mali zake zinaweza kukamatwa, zilizobaki zote zililetwa ndani ya siku nne. Ilichukua miezi minane na nauli nyingi, na kwa deni dogo nisingeshauri mtu aanze huko.

Katika ile 11,340,000 nimeshapokea 9,420,000. Kiwanda nilimaliza kukilipa, na yule dereva wa Fuso siku aliposhusha mzigo tena alinipa mkono. Sasa mali kauli natoa kwa mtu ambaye nimeliona banda lake, na si zaidi ya chakula cha wiki mbili.

Zimebaki 705,000 kwa watu wawili. Mmoja anamuuguza mumewe, tangu mwezi wa pili sijampigia, namwona kanisani tunasalimiana tu. Mwingine ni mzee wa Kibosho anayetegemea kahawa. Huyo ukurasa wake nimeuwekea alama mwezi wa saba, na mwanawe ameniahidi kunipigia siku watakayoanza kuchuma.