Siku nyanya zetu zilipokatwa vichwa

Mama yangu amelima nyanya Lushoto tangu kabla sijazaliwa. Anaijua mbegu ya Tanya, anaijua Cal J, anaijua Money Maker ile ndefu inayotaka mti wa kuegemea, na anajua lini tenga litapanda bei. Kwa hiyo alipokuja kunitembelea Edmonton, huko Alberta, Kanada, mwishoni mwa Mei, hakuwa mgeni wa kufundishwa kilimo. Alikunywa chai, akauliza shamba liko wapi.

Shamba lenyewe lilikuwa matuta machache yaliyozungushiwa mbao, nyuma ya nyumba. Miche ya nyanya nilikuwa nimeiotesha ndani tangu Machi, chini ya taa, maana huko ukisia mbegu za nyanya nje msimu utakwisha hujaona tunda. Wakulima wa mji ule hawaitoi miche mpaka ipite sikukuu ya Malkia Victoria, ile Jumatatu inayotangulia tarehe 25 Mei, kwani kabla ya hapo usiku mmoja wa jalidi, baridi ya kugandisha umande, unatosha kuiunguza yote. Siku hizo nilikuwa naikomaza: leo muda mfupi kivulini, kesho mrefu kidogo, keshokutwa jua la asubuhi, na kila jioni naibeba kuirudisha ndani. Mama aliniangalia nikipita na trei mlangoni.

"Unaipeleka kliniki?"

Ng'ambo ya uzio aliishi bibi mmoja aliyevuka miaka themanini, mzaliwa wa Alberta ambaye wazazi wake walitoka Ukraine, kama ilivyo kwa watu wengi wa nyanda zile. Yeye na Mama hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Wala haikuwazuia kubishana.

Ubishi wa kwanza ulihusu matandazo. Mama alikusanya majani yaliyofyekwa na mashine, akayaanika, akayatandaza kwenye matuta ili udongo usikauke, kama anavyofanya nyumbani. Yule bibi aliona, akaingia kwa mlango wa uzio bila hodi, akachomeka kidole kwenye udongo kisha akajikumbatia akitetemeka. Alikuwa na haki. Mwanzoni mwa Juni udongo wa huko bado una ubaridi wa majira yaliyopita, na ukiufunika mapema unaufungia ubaridi ndani. Matandazo yanangoja hadi ardhi ipate joto. Mama aliyaondoa huku akinung'unika. Julai joto lilipokolea, bibi mwenyewe alikuja kuomba yale majani makavu atandaze kwake.

Ubishi wa pili Mama alishinda. Bibi alipanda maboga kwa ajili ya maboga. Mama aliona zile ncha changa zinavyotambaa bila mtu kuzichuma, roho ikamuuma. Siku alipompelekea bakuli la majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, bibi alilila lote amesimama palepale kwenye uzio. Tangu hapo tukawa na ruhusa ya kuchuma, mradi tusiguse tawi lenye tunda.

Jambo lililomshinda Mama kabisa lilikuwa jua. Lushoto, mwaka mzima, giza linaingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja, mtu anajua saa ya kuweka jembe chini. Edmonton mwishoni mwa Juni jua linazama saa nne usiku na dakika saba. Mama alikuwa amebandika ratiba ya swala kwenye mlango wa friji, na kila akiitazama Magharibi ya saa nne alitikisa kichwa. Alifanya kazi bustanini mpaka mimi nasinzia. Giligilani aliyoisia ilichanua upesi kabla hatujaichuma vya kutosha, kwa sababu mchana mrefu unaiambia iharakishe kuzaa mbegu. Kunde za kutambaa alizozipanda kwenye ukuta unaoelekea kusini, mahali penye joto kuliko pote, zilifanya kinyume: majani tele, hakuna ua hata moja. Kunde nyingi za asili za ukanda wetu husubiri usiku mrefu ndipo zitoe maua, na usiku wa huko wakati ule ni wa saa saba tu. Mama hakuhitaji kuelezwa. "Hii haijalala," alisema, akachuma majani yake, akayachemsha na kuyaanika juani.

Nyanya ndizo zilizompa raha. Zilipanda miti, zikapita kimo changu, na katikati ya Agosti vilele vyake vilikuwa vimejaa maua ya njano.

Siku hiyo nilitoka kazini nikamkuta Mama amesimama katikati ya bustani, mikono kiunoni, khanga imeanguka begani. Vilele vyote vya nyanya vilikuwa chini. Bibi alikuwa tuta la mwisho na mkasi wake, anakata, anatupa, hana habari na mtu.

"Mwambie aache! Anaua nyanya. Yale ni maua, mwanangu, yale ni nyanya za kesho!"

Nilimuuliza bibi. Alijibu bila kugeuka kwamba ua la leo halitakuwa tunda. Kutoka ua hadi nyanya nyekundu ni wiki sita hadi nane, na hizo wiki hatunazo kabla ya jalidi kurudi. Mmea ukiachiwa kilele utaendelea kulisha maua yasiyo na mwisho mwema, na nyanya za chini zitabaki kijani. Nikamtafsiria Mama. Hakukubali. Kwake nyanya haijawahi kuwa na tarehe ya kufa. Inachoka, inaugua, mnyauko unaiua, lakini haiuawi na kalenda. Aliingia ndani kwa hasira, nami nikabaki baina ya wazee wawili nisijue nimfuate nani.

Alikaa ndani kitambo. Nilipoingia nilimkuta mbele ya friji, miwani puani, kidole kwenye ratiba.

"Magharibi ilikuwa saa nne na kitu," alisema. "Leo haifiki saa tatu."

Akateremsha kidole. Kila siku dakika mbili hivi zilikuwa zinakatwa. Akafika Septemba, akahesabu wiki kwa vidole, akarudi juu, akahesabu tena. Kisha akachukua kisu cha jikoni, akatoka. Nilidhani anaenda kugombana. Nilimkuta anakata vilele viwili ambavyo bibi alivisahau.

Tahadhari ya jalidi ilitangazwa kabla ya katikati ya Septemba. Tulifunika nyanya kwa mashuka jua likiwa bado halijazama, ili yashike joto linalopanda kutoka ardhini, na tukayashusha hadi chini pande zote. Nailoni bibi aliikataa, kwani mahali inapogusa jani ndipo jani linapoungua. Mashuka yalipopungua nilizitazama khanga za Mama kwenye kamba.

"Thubutu."

Nyanya zilinusurika usiku ule. Uliofuata ulitangazwa kuwa mbaya zaidi, tukazichuma zote. Zile zilizokwisha kufikia ukubwa wake na kuanza kupauka tulizipanga kwenye maboksi ya karatasi, gazeti juu na chini, tukatia tofaa bivu moja kila boksi, yakakaa chumbani mbali na friji. Ziliendelea kuiva kidogokidogo hadi Novemba. Vile vidogo vya kijani kibichi haviivi hata ufanyeje, Mama akavifanya achari ya pilipili na haradali. Kunde zilikuwa ndio kwanza zimetoa maua machache, yakaungua. Sukuma wiki peke yake haikujali kitu. Baridi inaifanya iongeze sukari majanini, na Mama aliapa kwamba hajawahi kula tamu kama ile, ingawa hakupenda kuisifia baridi.

Bibi alimsindikiza hadi kwenye gari siku ya kuondoka, akampa kile kimkasi kimefungwa kwenye gazeti. Tulikilaza kwenye sanduku kubwa, katikati ya nguo.

Baadaye alinipigia simu kutoka Lushoto, ametoka kwenye kikao cha wakulima wenzake wa kijijini. Alikuwa amewasimulia kwamba kuna nchi ambako nyanya ikichanua vizuri unaikata kichwa.

"Wakasemaje?"

"Wameniuliza yule bibi alikuwa na akili timamu, na kama mimi nilimwachia kisu."