Presha iliposhuka, nikaacha dawa

Miezi mitatu baada ya kuanza dawa, mashine ilisoma 124 kwa 80. Nilirudi nyumbani na furaha yangu, na jioni hiyo hiyo jirani akanipa ushauri ambao nikiukumbuka hadi leo nakasirika: "Shoga, presha si imeshuka? Vidonge vya nini tena? Mwili utavizoea hivyo. Shika kitunguu saumu."

Nikashika. Kila alfajiri natwanga punje tatu, natia maji ya vuguvugu na ndimu, nakunywa kabla ya chai. Kichwa hakiumi, usingizi mzuri, mwili mwepesi. Nikawa naisifia dawa ile sokoni na hata misibani. Wiki ya sita nimempeleka mjukuu kliniki, nesi akaamua kunipima na mimi: 178 kwa 104. Akasubiri, akarudia: 176. Na mimi nimekaa pale sisikii maumivu hata ya ukucha! Kumbe ile 124 ilikuwa kazi ya kidonge. Kidonge changu, amlodipine, hulegeza mishipa ya damu. Ukiiacha, presha inapanda tena kimya kimya.

Nikarudi kwenye dawa. Baadaye vifundo vya miguu vikavimba, jambo ambalo dawa hii huweza kulifanya, lakini safari hii nilikwenda kwa daktari, akanibadilishia. Kitunguu saumu nakula bado, kwenye mchuzi.

Kazi kubwa ilikuwa ng'onda, samaki wetu wa kukaushwa kwa chumvi. Mtu wa Tanga umwambie mwisho wake ni kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku, vyakula vyote pamoja! Sasa naila mara chache, na nikiipika nailoweka usiku kucha, namwaga maji, nailoweka tena. Chunguni sitii chumvi kabisa: tui zito, ukwaju, pilipili mbuzi, tangawizi. Mara ya kwanza mume wangu alimaliza sahani akaomba kuongezwa, ndipo nikamwambia.

Mashine nilinunua, kama elfu sabini hivi. Angalieni mkanda ulingane na mkono, maana ukibana sana namba hupanda bure. Nakwenda haja ndogo kwanza, naegemea kiti dakika 5, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, na simu naiweka mbali.

Juzi nilimkalisha jirani kwenye kiti hicho hicho. 158 kwa 96, mara mbili. Kesho asubuhi namsindikiza kliniki.