Mzee wa mfongo alivyonifundisha kusoma mpango wa Shelisheli

Mwaka jana, masika yalipokwisha, kamati ya mazingira ya kijiji chetu, huku juu ya Moshi, iliniita nyumbani kwa mwenyekiti. "Mwalimu, wewe unafundisha jiografia. Tumeambiwa tuandike mpango wa kutunza bioanuwai, na neno lenyewe tu limetushinda. Tusaidie."

Bioanuwai ni wingi wa aina za viumbe hai mahali fulani, mimea na wanyama. Nilianza na mpango wa taifa letu nikashindwa pa kuushika. Nchi yenye Serengeti, maziwa makuu na pwani ndefu namna ile haiingii kwenye kichwa cha mtu anayetaka kulinda chemchemi moja. Nikatafuta nchi ndogo, nikaipata Shelisheli: visiwa 115, watu kama laki moja, na nchi kavu ya kilomita za mraba 455 tu. Hifadhi ya Kilimanjaro peke yake inaizidi zaidi ya mara tatu. Bahari yake, kwa upande mwingine, ni zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.3. Nilijiambia, hawa nao wana eneo dogo la kukanyaga na maji mengi ya kulinda, kama sisi.

Nilisoma mpango wao wa bioanuwai kuanzia ukurasa wa kwanza, na hapo ndipo nilipokosea. Mwanzo wa mipango hii unafanana kila nchi, kwa kuwa yote imezaliwa na Mkataba wa Bioanuwai uliotiwa saini Rio mwaka 1992, ambao ibara yake ya 6 inaitaka kila nchi iwe na mkakati wake. Desemba 2022, kule Montreal, nchi wanachama zilikubaliana malengo 23 ya kufikiwa ifikapo 2030, likiwemo la kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari. Nikayanakili hayo yote kwa Kiswahili kizuri, nikatoa nakala kumi steshenari, nikapanda haisi kwenda kuwasomea.

Nilisoma kama dakika ishirini. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza, mzee anayesimamia mfongo wetu, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, alivua kofia akaiweka gotini.

"Ahsante, mwalimu. Sasa, mfongo una zamu. Huyu anafungulia maji Jumatatu, yule Jumanne, na siku ya kuzibua asiyekuja anatozwa. Huo mpango zamu zake ziko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba wiki mbili.

Safari hii nilisoma kutoka nyuma, kwenye majedwali: nani anafanya, lini, kwa pesa ipi. Nikafuatilia na yaliyofanyika kweli visiwani. Mtu yeyote atakayepewa kazi kama yangu ningemshauri aanzie huko, maana ahadi zote nzuri ziko mbele na kazi iko nyuma.

Lililonishika kwanza ni la pesa. Mwaka 2016 Shelisheli ilipanga upya deni la dola milioni 21.6 ililokuwa ikidaiwa na nchi za nje. Kamati niliielezea hivi: una deni dukani. Mjomba analilipa kwa punguzo kidogo, halafu wewe unamlipa mjomba polepole, na sehemu ya unachomlipa inarudi kutunza shamba lako mwenyewe. Huko "mjomba" ni mfuko maalumu wa uhifadhi, na serikali nayo iliahidi kuipanga bahari yake yote, eneo kwa eneo. Machi 2020 ilitangaza kwamba asilimia 30 ya bahari hiyo imewekwa chini ya ulinzi, sehemu nyingine bila kuvuliwa kabisa, nyingine kwa matumizi yenye masharti. Mama mmoja mweka hazina wa vikoba alilishika jambo hili kabla sijamaliza kulieleza.

La pili ni ndege. Kwenye kisiwa cha Cousin, ambacho hakifiki hata hekta 30, miaka ya 1960 walikuwa wamebaki ndege wadogo waimbaji wasiozidi 30 wa aina ambayo haikuwa mahali pengine popote duniani. Mwaka 1968 kisiwa kikanunuliwa kwa ajili yao, shamba la minazi likaachwa lirudi kuwa msitu, na kuanzia 1988 baadhi ya ndege wakahamishiwa visiwa vingine. Leo ni zaidi ya 2,000.

"Waliwahesabuje, na ndege wanaruka?" mama yuleyule akauliza.

Nikamwambia wanavishwa pete za rangi miguuni, kila mmoja na mpangilio wake.

"Kumbe kama kuku! Mimi wangu wana kitambaa chekundu, wa jirani yangu wana cha bluu." Kuanzia hapo mkutano ukawa wao, na kalamu yangu ikawa inawakimbiza.

Nilipowaambia kwamba misitu ya kisiwa cha Mahé imevamiwa na mdalasini, huuhuu wa chai, ulioletwa kama zao ukasambaa na kuibana miti ya asili, watu waligeuka kutazama upande wa chemchemi. Huko juu kuna mikaratusi, nayo miti ya kuletwa, iliyopandwa na baba zetu kwa nia njema kabisa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Wengi walikuwa wakiisikia kwa mara ya kwanza, na iliniuma kwamba hakuna aliyewahi kuja kuwaambia.

Mzee wa mfongo alibaki na swali lake. "Na nchi isiyotimiza, inatozwa nini?" Nilimwambia ukweli: Mkataba hauna faini, nchi zinatakiwa kutoa taarifa tu, mwaka 2026 na tena 2029. Alitikisa kichwa. Mimi naona ana haki, na kwamba hapo ndipo penye udhaifu mkubwa wa mpango mzima wa dunia.

Wetu ulitoka karatasi moja, mistari saba. Kila mstari una jina la mtu, mwezi, na pesa inakotoka. Mstari wa mikaratusi una jina la mzee mwenyewe. Alisema miti mitatu ni yake, aanze yeye. Miche ya mruka na msesewe, miti yetu ya asili, wameichukua akina mama wa vikoba. Faini ni ileile ya mfongo, na iliandikwa kabla ya kitu kingine chochote.

Jumamosi ya kwanza ya Agosti tulipanda na futi kamba ya fundi ya mita 30. Tuliivuta mara mbili kutoka kwenye jicho la maji, mama wa kuku akishika ncha, na mara ya pili ilipokaza alikuwa amesimama katikati ya kihamba, shamba la nyumbani, cha mwenyekiti.