Ukuta wa kulabu 14: kumbukumbu ya duka langu la pinde

Jumapili, 19 Januari 2025

Ukuta wa duka langu una kulabu 14 za kutundikia pinde. Nilizipiga mwenyewe na najua ya kumi na tano haiingii: kulia kuna presi, mashine ya kuubana upinde ili ugwe ulegee, kushoto kuna mlango wa choo. Mwezi huu nilikwenda Indianapolis kwenye maonyesho ya wafanyabiashara wa pinde, siku mbili za kutembea mpaka magoti yakasema basi. Nimeshika Mathews, Hoyt, PSE, Bowtech, Elite, Bear, Prime. Kila kibanda upinde ni mtamu, na kila muuzaji anaapa kwamba wake unajiuza. Nimerudi na katalogi ambazo mke wangu anaziita mzigo wa kuni.

Kwa anayeanza kusoma leo: duka liko Louisville, Kentucky. Usiku nafanya kazi ghalani, duka nalifungua alasiri na Jumamosi. Mjomba wangu kule Karatu nilipomwambia nauza pinde alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akasema, "Mwanangu, umevuka bahari kwenda kuuza nyuta? Si ungeshuka Mang'ola hapo, Wahadzabe wanazichonga wenyewe." Sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Mwaka jana nilichemsha. Niliagiza pinde sita za roda, zile zenye magurudumu kwenye ncha, za chapa moja, kwa sababu nilizipenda mimi. Zote za mkono wa kulia. Tano zinavutwa kwa nguvu ya ratili 70, moja ya 60. Na ukitaka kubadili urefu wa mvuto, yaani umbali ambao ugwe unavutwa nyuma, ni lazima uagize gurudumu jingine zima na ulisubiri. Nikauza mbili. Waliokuwa wanaingia dukani ni kina nani? Kina mama. Vijana wa miaka kumi na minne. Mzee aliyepasuliwa bega. Mashoto, wengi kuliko nilivyodhani, na wale wa mkono wa kulia ambao jicho lao lenye nguvu ni la kushoto. Pinde nne zilizobaki zimekaa kama wageni wasioaga.

Halafu ukaja mkasa wa Oktoba. Kijana mmoja alishusha upinde ukutani, ule pekee wa ratili 60, mimi nikiwa nahesabu chenji. Akauvuta mpaka mwisho, akauachia bila mshale. Ulilia kama embe bichi lililoanguka juu ya bati. Nguvu ambayo ingebebwa na mshale ilirudi kwenye upinde wenyewe: ugwe ukaruka kwenye magurudumu, na bawa la juu, ule mkono wa upinde unaopinda, likapata ufa mwembamba kama unywele. Kijana alibaki ameshika mpini, mdomo wazi, na mama yake akaanza kuomba radhi kabla hata sijafungua kinywa. Sikutegemea waranti ilipe kosa kama hilo. Nilitaka bawa la kununua kwa pesa yangu, basi. Lilifika baada ya wiki saba. Mtu aliyekuwa ameweka arubuni kwenye upinde ule hakutaka wa ratili 70, nikamrudishia pesa yake.

Kwa hiyo Indianapolis, wakati wengine wanauliza upinde unarusha futi ngapi kwa sekunde, mimi nilikuwa na swali moja kwa kila kibanda: nikipiga simu Jumanne nataka bawa, anapokea nani? Baadhi yao walinipa jina na namba. Wengine walinipa kalamu na kofia.

Jumamosi, 8 Februari

Mzee mstaafu aliyenifundisha kusuka ugwe amenikopesha pinde zake tatu nizifanyie mtihani. Mtihani wenyewe ni huu: toa mvuto inchi 29, uweke 27, kisha piga kwenye karatasi mpaka tundu liwe safi.

Karatasi inabanwa kwenye fremu, unasimama hatua chache, unapiga, unaangalia tundu. Mshale uliotoka umenyooka unaacha kitundu cha duara na mikato mitatu ya manyoya, kama alama ya mguu wa kuku. Karatasi ikichanika kwenda pembeni, mkia wa mshale ulitoka unayumba, na kosa aidha ni la mkono wa mpigaji aidha ni la upinde. Niliwahi kulaumu mkono wangu miezi minne kumbe ni upinde.

Mathews niliyopewa ni ya miaka michache nyuma. Kubadili mvuto ni rahisi, unatoa kipande kidogo kwenye gurudumu na kuweka kingine, ila kila urefu una kipande chake na inabidi uwe navyo dukani. Kunyoosha tundu ndiko kulikonitoa jasho. Unaubana upinde kwenye presi, unachomoa ekseli, unatoa vipete vya pembeni mwa gurudumu na kuweka vya unene mwingine, unarudisha, unapiga, unarudi kwenye presi. Dakika 40, pamoja na kupiga magoti kutafuta kipete kilichobingirika chini ya friji.

Bowtech ina skrubu inayolisogeza gurudumu kulia au kushoto kwenye ekseli, kisha unalifunga. Mfumo wanauita DeadLock. Dakika tisa, kwa ufunguo wa alen. Nilirudia nikidhani nimekosea. Wa tatu ulikuwa wa zamani mno, nikaufuta vumbi nikamrudishia mwenyewe.

Nikisema ukweli, mkononi mwangu Mathews ni mtulivu zaidi. Unaachia mshale na upinde haushtuki. Lakini mkono wangu ndio ulioniponza mwaka jana. Isitoshe, kuna duka kubwa dakika 20 kwa gari kutoka hapa, limejaza ukuta mzima wa Mathews na Hoyt, na anayetaka hizo ameshajua njia ya kule. Oda ya kwanza niliyotajiwa na mmoja wa wale wakubwa ingejaza kulabu zangu zote 14, na choo juu yake.

Kilichonisukuma zaidi ni kwamba nyumba ya Bowtech ndiyo inayotoa Diamond. Diamond Infinite Edge Pro unavutika kuanzia inchi 13 hadi 31, na kuanzia ratili 5 hadi 70, bila kuugusa kwenye presi. Mtoto wa miaka kumi anauanza, akikua unakua naye. Akaunti moja, wateja wawili. Kulabu nne nimezipa Diamond, na mmoja ni wa mashoto. Tatu nimezipa Bowtech.

Jumatano, 19 Machi

Genesis sikuichagua mimi. Mpango wa upigaji mishale mashuleni, NASP, ulianzia hapa hapa Kentucky mwaka 2002, na watoto wote, darasa la nne hadi la kumi na mbili, wanatumia upinde wa aina moja na mshale wa aina moja: Genesis na mshale wa alumini wa Easton. Hakuna kilengeo, hakuna kifyatulio. Mita 10, kisha mita 15. Upinde huo ulibuniwa na Matt McPherson, yule yule mwanzilishi wa Mathews, na unatengenezwa Sparta, Wisconsin. Hauna urefu maalumu wa mvuto, kwa hiyo darasa zima wanaweza kupokezana mmoja.

Leo ameingia mama wa kutoka Goma na mwanawe, mtoto amejibana nyuma ya mlango kama aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Papa, mwalimu amesema Genesis. Uko nayo?"

Nikamwambia ninayo, mama, lakini pia kuna huu, nikamshushia Diamond, nikaanza hotuba yangu ya ratili 5 hadi 70. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote.

"Asante, papa. Mwalimu amesema Genesis."

Nikaurudisha ukutani. Mtoto alichagua rangi ya zambarau, na alipouvuta mara ya kwanza mabega yalimpanda hadi masikioni. Nikamwambia ayashushe, avute kama anayefungua kabati kwa kiwiko. Mama akaniuliza kama watu wa kwetu wanapunguziwa. Walipunguziwa. Kulabu nne za Genesis, na mmoja ni wa mashoto.

Jumapili, 30 Machi

Rafiki yangu wa ghalani ananishauri nilete Sanlida moja kwa moja kutoka China. Sio pinde mbaya, nimezipiga. Tatizo ni hesabu. Hapa Marekani kuna ushuru wa asilimia 11 kwenye upinde wenye uzito wa kuvuta kuanzia ratili 30, na anayeulipa ni mtengenezaji au mwagizaji. Nikinunua kwa msambazaji, ushuru umeshalipwa huko juu. Nikileta mwenyewe, mwagizaji ni mimi, na fomu za kila robo mwaka ni zangu. Hapo bado forodha na bima. Sihitaji kazi ya tatu.

Jumapili, 11 Mei

Pinde za rikavu, zisizo na roda, zimenichukua jioni moja tu. Kwa anayeanza nimeweka Samick Sage mbili: mbao, inchi 62, mabawa yanafunguka kwa skrubu. Anaanza na mabawa ya ratili 25, akizoea anakuja kununua mabawa tu. Kwa wale wenye ndoto za mita 70, umbali wa Olimpiki, nina mpini mmoja wa mfumo wa ILF, ambao unapokea mabawa ya karibu kila kampuni, ya Korea, ya Ufaransa, yoyote. Kwa hiyo upande huu chapa hainitishi kabisa. Ukuta umejaa. Zile nne za mwaka jana zimehamia chini ya meza.

Ijumaa, 5 Septemba

Kesho ni Jumamosi ya kwanza ya Septemba, msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde unafunguliwa Kentucky. Tangu Machi nimeuza Genesis 11, Diamond tisa, Sage tano. Bowtech mbili tu, na hesabu hiyo inauma, kwa sababu ndizo zilizokula mtaji. Mwakani labda kulabu moja, na katalogi.

Saa mbili na nusu usiku nafunga, gari likaingia. Ni mmoja wa wale wawili walionunua pinde za mwaka jana. Ameuleta wake umefunikwa kwa taulo kama mgonjwa. Waya mmoja, ile kamba inayounganisha magurudumu, umefumuka pale unapouma gurudumu, nyuzi tatu zimeshakatika, na yeye anataka kuwa juu ya mti kabla jua halijatoka. Kusuka mpya kunanichukua saa tatu nikiwa sijachoka. Kuagiza, tunajua wiki ngapi.

Niliinama chini ya meza nikatoa mmoja wa wale wanne. Upinde ule ule, urefu ule ule. Nikauvua ugwe na waya zake zote, nikaupandisha wake kwenye presi, nikamvika. Tukapiga mishale mitatu kwenye karatasi chini ya taa ya uani, wa tatu ukaacha mguu wa kuku safi. Aliniuliza bei, nikamtajia bei ya ugwe tu.

Chini ya meza zimebaki tatu na kiunzi kimoja. Kesho nafungua saa kumi na moja alfajiri.